Wanaitikia, kisha hawafanyi

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unasema wakulima wanakuja kwenye mafunzo ya kilimo cha kurutubisha udongo, wanaitikia kila kitu, wanakunywa soda, wakirudi shambani wanapanda pamba juu ya pamba kama zamani. "Baba, nakosea wapi?"

Somo lako ni sahihi. Ila huku kwetu Meatu halikuanzia kwenye daftari lako. Babu yako alilijua kabla ya Uhuru, tena kwa faini. Ule mpango wa Waingereza wa kuendeleza Usukuma, ulioanza 1947, ulikuja na amri: fungeni matuta (vizuizi vya udongo kati ya tuta na tuta, maji yasikimbie), wekeni samadi, punguzeni ng'ombe. Amri zenyewe zilikuwa na akili (ile ya ng'ombe babu yako hakuisamehe hadi anakufa). Lakini mtu akishatozwa faini kwa ajili ya tuta, tuta hilo si lake tena, ni la serikali. Amri zilipolegea, matuta nayo yakaachwa wazi. Ukisimama mbele ya wazee na kusema "mnatakiwa", wapo wanaoisikia sauti ile ile.

Halafu mwenye eka tatu hana shamba la majaribio. Pamba ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo deni la pembejeo linalomsubiri siku ya mizani pale AMCOS, chama chetu cha ushirika. Unapomwambia abadilishe shamba zima, unamwomba akuwekee rehani mwaka mzima wa watoto wake.

Mimi hakuna aliyenishawishi. Nilifunga matuta nusu eka tu, ile ya luseni, udongo wa kichanga, kando ya njia, kwa jembe la mkono, mama yako akinicheka. Kila baada ya hatua tatu hivi naweka kizuizi cha udongo, kifupi kuliko tuta, ili maji yakizidi yapite juu yake. Baada ya mwaka mpya mvua ikakata, unavyoijua. Nikachimba kwa vidole. Kwenye tuta la wazi ni vumbi mpaka kiganja kikazama. Kwenye lililofungwa, sikufika mbali, udongo ukashikana mkononi. Sikumwambia mtu. Jirani ndiye aliyesimama na baiskeli yake akauliza mbona majani ya upande ule hayajanyauka. Msimu uliofuata alifunga zake bila semina.

Lakini kwenye mbuga usithubutu kuwaambia wafunge. Udongo ule mweusi unatuamisha maji, pamba inageuka njano imesimama. Huko wape habari ya dengu mwisho wa mvua, unyevu ukiwa bado umo ardhini.

Matandazo, yaani mabua ya kufunika udongo, nayo yangoje kwanza. Mabua ya pamba sheria inataka yang'olewe na kuchomwa, maana funza mwekundu hujificha humo. Yanabaki ya mtama, na mavuno yakiisha ng'ombe wa kijiji kizima wanaingia shambani. Nani atafukuza ng'ombe wa mwenzake? Hilo mkulima mmoja haliwezi. Linataka mkutano wa kijiji, kama tunavyokubaliana juu ya ngitili, yale malisho tunayoyatenga kwa ajili ya kiangazi. Kaa na wenye mifugo kabla ya wenye pamba. Mara nyingi ni watu wale wale, lakini kikao kinakuwa kingine.

Choroko je? Kwamba inarudisha nguvu ya ardhi hawakatai. Wanachouliza, hata kama hawatamki, ni nani atainunua. Mradi mmoja ulitugawia mbegu na fulana; tulipovuna, simu zao hazikupatikana. Fulana ninalimia mpaka leo. Wewe mtafute mnunuzi kabla hujagawa mbegu, na ukimkosa, waambie wapande ya kula tu.

Na usiwahesabu mwaka wa kwanza. Najua ofisi inataka idadi ya "waliobadilika" kila baada ya miezi mitatu. Kazi ya samadi mara nyingi huonekana vizuri msimu wa pili, na wewe rudi msimu wa pili, hata kama gari halina mafuta.

Mama yako anasalimia. Ukija Novemba njoo na nguo za kazi. Mkokoteni wa samadi uko tayari, na kipande kingine cha luseni bado hakijafungwa matuta.

Baba yako