Kuacha kazi ya shirika ili uwe mshauri huru wa haki za watoto: mimi nasema bado

Dada umesema una diploma ya kazi ya jamii, umekaa miaka miwili kwenye shirika la watoto hapa Nairobi, na umechoka kuandika ripoti zinazotiwa sahihi na wengine. Unataka kuacha mwezi ujao ujitegemee. Naona wengi wamekwambia ujitose. Acha nikusimulie nilivyopita mimi, kisha uamue.

Nilimaliza kidato cha nne mwaka wa 2002. Januari iliyofuata serikali ikaondoa karo ya shule za msingi, madarasa yakafurika, na mama mmoja wa kanisani kwetu Huruma akaniomba nimsaidie kufundisha kwenye shule yake ya mabati Mathare. Mshahara ulikuwa githeri ya mchana. Darasa langu la kwanza lilikuwa na mvulana mrefu kuliko mimi, aliyetoka barabarani. Nilipomuuliza umri wake akaniambia, "Andika tu wowote, mwalimu." Nikaandika 13. Sikujua kwamba swali hilo la umri wa mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa ndilo lingenilisha baadaye.

Mwanzoni mwa 2008, baada ya vurugu za uchaguzi, nilijitolea uwanja wa maonyesho wa Jamhuri kuandikisha watoto waliopotezana na wazazi. Mzee aliyetusimamia alinirudishia fomu zangu zote siku ya kwanza. Nilikuwa nimeandika "mama yuko Naivasha." Mtoto alikuwa amesema, "mama alisema tutaenda Naivasha." Mzee akaniambia niandike alichosema mtoto, nisiandike nilichoelewa mimi. Nimesoma kozi nyingi tangu hapo, lakini hakuna iliyonifaa kama ukali wa mzee yule.

Halafu ikaja miaka kumi kwenye shirika la msaada wa kisheria. Mimi si wakili. Kazi yangu ilikuwa kukaa benchi la Mahakama ya Watoto Milimani, kutafuta jamaa za watoto na kumfuata afisa wa watoto mpaka faili lipatikane. Kesi moja siisahau. Kijana alishikwa karibu na Gikomba, polisi wakaandika ana miaka 18, akapelekwa korti ya wakubwa. Ndevu hana, sauti bado ya kitoto. Hakimu akaagiza apimwe umri hospitalini, yaani meno yapigwe picha daktari akadirie. Foleni ya kipimo ikachukua wiki tatu, na wiki zote hizo alilala na watu wazima. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema mtoto asizuiliwe ila kama hatua ya mwisho, kwa muda mfupi unaofaa, tena mbali na wakubwa. Nilikuwa naijua kwa moyo, na haikunisaidia lolote hadi nilipoenda Majengo kwa nyanya yake. Alikuwa na kadi ya kliniki, yenye tarehe ya kuzaliwa ya kijana, ameifunga kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Kijana alikuwa na miaka 15. Kesi ikahamishwa siku iliyofuata.

Hilo ndilo ninalouza leo. Anayenilipa nimwandikie mwongozo wa watoto walio kwenye mkono wa sheria ananilipa kwa sababu najua foleni ya kipimo huanzia dirisha gani na kadi ya kliniki hufichwa wapi. Sheria ataisoma mwenyewe.

Niliacha kazi Novemba 2019 bila mkataba hata mmoja mkononi, kwa kiburi tu. Machi 2020 korona ikafunga shule, zabuni mbili nilizokuwa nimeshinda zikaahirishwa, nikauza mayai mtaani mwaka mzima. Kazi moja niliyopata ilikuwa kuwahoji watoto kwa simu. Jaribu kumuuliza mtoto kama anapigwa nyumbani wakati nyumba yenyewe ni chumba kimoja na mama yuko hapo anasonga ugali! Nilirudisha nusu ya maswali bila kuyauliza.

Kilichoniinua ni Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai mwaka huo. Mashirika mengi yalikuwa na sera za kulinda watoto zinazonukuu ile ya 2001. Umri wa kushtakiwa kwa jinai ulikuwa umepanda kutoka miaka 8 hadi 12, na sera bado zinasema 8. Niliisoma yote na penseli, nikawaandikia barua wale niliowahi kufanya nao kazi. Watatu wakajibu.

Pesa nitaipitia haraka. Ankara yako hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 kabla haijakufikia. Malipo huja kwa awamu, na ya mwisho husubiri mtu fulani "apitie" ripoti. Mimi niliwahi kusubiri miezi saba. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, weka kwenye bajeti, pamoja na siku za kukingoja.

Sasa hilo neno "huru." Kituo kimoja cha kulelea watoto kiliwahi kukaguliwa nami kwa niaba ya mfadhili wake. Watoto wakaniambia wana wazazi, ila hawaruhusiwi kuwaona, na anayeuliza hulala njaa. Niliandika vile vile walivyosema. Mfadhili akanipigia simu akitaka aya ile "ipunguzwe makali." Nilikataa. Nililipwa, na sijaitwa tena. Lakini kosa langu ni jingine: nilingoja ripoti ikamilike ndipo nikaenda kwa afisa wa watoto. Siku hizi siweki sahihi mpaka mkataba useme kwamba mtoto akiniambia anaumizwa, napeleka habari siku hiyo hiyo, mteja apende asipende. Wapo waliokataa kipengele hicho, na nikawaacha waende.

Kwa hiyo wewe kaa mwaka mmoja au miwili zaidi. Omba utolewe kwenye dawati la ripoti upelekwe kwenye kesi, hata kwa mshahara ule ule. Chagua jambo moja dogo ulijue hadi mizizi. Na omba jina lako liandikwe ndani ya ripoti unazoandika. Ukiuliza kwa adabu mara nyingi hukubaliwa, na mteja wa kwanza atataka kuziona.

Kuhusu shahada ya pili uliyoulizia, mimi niliisoma jioni. Imenisaidia kwenye zabuni za mashirika ya Umoja wa Mataifa tu, ambako nilikoomba walikuwa wameiweka kama sharti. Wateja wangu wengine hawajawahi kuniuliza. Isome ukiweza, ila usiichukulie mkopo.