Usilipie kozi ya kuendesha hadubini ya elektroni kabla hujajua kutayarisha sampuli

Usilipe hiyo ada. Umeandika kwamba una shahada ya biolojia, uko Malindi, na unataka kuwa mwanasayansi wa hadubini ya elektroni atakayechunguza virusi pamoja na chokaa ya majengo ya kale. Ukauliza usome chuo gani, fizikia inahitajika kiasi gani, mshahara ukoje, na kama ni sawa kulipia kozi fupi ya kuendesha mashine, kwa kuwa mshauri wako amekuambia kutayarisha sampuli ni kazi ya fundi wa maabara. Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nisiweze kunyamaza, kwa sababu maneno hayo hayo niliambiwa mimi nilipotoka Lamu kwenda kusomea shahada ya uzamili, na yaliniharibia utafiti mzima.

Nilikuwa nikitafuta virusi katika maji ya mikokoni, jambo lenye msingi madhubuti. Mwaka 1989 watafiti wa Bergen, Norwei, walionyesha kwa hadubini ya elektroni kwamba mililita moja ya maji ya asili yaweza kuwa na chembe za virusi hadi milioni 250, wingi ambao kabla ya hapo haukudhaniwa. Msimamizi wangu aliniambia kwamba kazi yangu ni kukaa mbele ya kioo cha hadubini na kufasiri picha, na kwamba sampuli zitatayarishwa na wengine. Hao wengine walikuwa kijana mmoja wa mkataba, ambaye hakuna aliyemweleza kwamba maji yale yametoka baharini. Kijana wa watu alifanya alivyozoea: akayachanganya na bafa ya fosfeti, yaani mchanganyiko wa chumvi unaozuia asidi isibadilike, akadondosha tone juu ya wavu wa shaba wa kubebea sampuli wenye upana wa milimita 3, kisha akatia asetati ya yuranili, ile dawa nzito inayotia kiza pembezoni mwa virusi ili umbo lake libaki jeupe. Fosfeti ikikutana na asetati ya yuranili hufanya mashapo, yaani chembe ngumu zinazotuama, na chumvi ya bahari, maji yakikauka, huacha fuwele. Ilipasa wavu usuuzwe kwa matone ya maji yaliyokenekwa kabla ya kutiwa dawa. Ni kazi ya dakika chache tu.

Kwa hiyo nilichokuwa nikipiga picha muhula baada ya muhula kilikuwa mashapo. Yalikuwa madoa meusi ya mviringo, mengi yakiwa na nanomita (sehemu ya bilioni moja ya mita) 50 hadi 100, ukubwa ule ule wa virusi, nami nikayahesabu na kuyachorea majedwali, na msimamizi akayapitia majedwali na kuyasifu. Mtahini wa nje alitazama picha ya kwanza akauliza kichwa kiko wapi na mkia uko wapi, kwa maana virusi vingi vya bahari ni bakteriofaji, vile vinavyoshambulia bakteria, na vingi vinavyojulikana huwa na kichwa chenye pembe na mkia. Tena kwa dawa ile virusi vinapaswa kuonekana vyeupe katika uwanja mweusi. Tasnifu ikarudishwa, fedha za ufadhili zikawa zimekwisha, na maji yale yakawa hayafai tena kwa lolote. Aliyeniongoza hakupoteza hata senti. Sijamsamehe, na hasira yangu haihusu karo peke yake: mtu aliyefundisha miaka yote ile alikuwa akiwaaminisha wanafunzi kwamba mikono ni ya watu wadogo na macho ni ya wasomi, na sasa naona kuna mwingine anayekuaminisha wewe jambo lilo hilo.

Mwulize huyo mshauri wako kama amewahi kumsikia June Almeida. Mama huyo wa Glasgow aliacha shule akiwa na miaka 16, akaanza kazi kama fundi wa maabara hospitalini, na katika miaka ya 1960, akiwa London, ndiye aliyepiga picha za mwanzo za virusi vya korona vya binadamu. Sifa yake haikutokana na mashine bora kuliko za wenzake. Ilitokana na namna alivyotayarisha sampuli, kwa kutumia kingamwili zilizovikusanya virusi pamoja hata vikatambulikana. Na Jacques Dubochet, mmoja wa watatu waliopewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2017, mchango wake ulikuwa kugandisha maji ya sampuli kwa kasi kubwa kiasi kwamba hayapati nafasi ya kufanya fuwele za barafu. Hadubini yenyewe ilikwisha kuundwa na Ernst Ruska na Max Knoll huko Berlin mwaka 1931. Kwa miongo mingi kikwazo kimekuwa sampuli, kwa kuwa ndani ya mashine mna ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, na kitu chenye majimaji hakiwezi kukaa humo kikabaki kama kilivyo.

Chokaa ya majengo unayoitaja ina mitego yake. Haipitishi umeme, kwa hiyo elektroni hurundikana juu yake na picha huungua kwa weupe, na tiba yake ni kuipaka utando mwembamba wa dhahabu au kaboni. Lakini ukitaka kujua salfa kiasi gani imeingia katika lipu iliyopigwa na upepo wa bahari, dhahabu itakupotosha, kwa sababu alama zake katika vipimo vya eksirei, vinavyotambua elementi zilizomo, zinakaa karibu mno na za salfa. Hapo hupakwa kaboni. Asiyetayarisha mwenyewe atajuaje kipande kile kilipakwa nini?

Kabla ya kulipa popote, waandikie uwaulize kama utakata, utasuuza na utatia dawa sampuli zako kwa mikono yako, na kama mtu mwenye uzoefu atasimama kando yako unapofanya hivyo. Waombe pia wakuonyeshe wavu usio na sampuli yoyote, uliopitishwa katika dawa zote, ulivyoonekana chini ya hadubini yao, ili ujue madoa yapi yanatokana na dawa zenyewe. Wasipokuwa nao, shilingi zako zibaki Malindi.