Maharagwe kukataa kuiva Nakuru: si gesi, na si mkono wa mpishi

Dada, swali lako hili limewahi kuleta maneno nyumbani kwangu, kwa hivyo nitalijibu kwa urefu. Umesema umehamia Nakuru kutoka Kisumu, maharagwe ya aina ile ile uliyozoea yanakaa motoni saa 3 na bado yanang'ata, nawe umeongeza moto hadi mtungi ukaisha kabla ya mwezi. Mmoja amekujibu kwamba muuza gesi amekupunja. Mwingine amesema ni baridi ya huku. Wa tatu amekushauri utie chumvi mapema ili maji yapate moto zaidi. Nimefanya kazi katika maabara za shule miaka 17, kwanza Kisumu na sasa Nakuru, na inaniuma kuona watu wakichoma pesa kwa jambo linaloelezeka.

Shina lake ni hili: maji yakishachemka hayaongezeki joto. Weka moto mdogo, weka moto wa kuchoma nyama ya harusi, madamu sufuria iko wazi na maji yanachemka, joto lake ni lile lile. Moto wa ziada unafanya kazi moja tu, kuyageuza maji kuwa mvuke. Na kazi hiyo inakula moto kupita kiasi. Kulikausha lote lita moja la maji yanayochemka kunataka moto kama mara 7 ya ule uliotumika kulitoa kwenye ubaridi wa mfereji hadi likachemka. Kwa hivyo ukiona sufuria inaruka kifuniko na jikoni kumejaa ukungu, gesi yako ndiyo inayotoka dirishani, na maharagwe hayana habari.

Sasa, maji yanachemka kwa joto gani? Shuleni tulikariri 100, na hapo ndipo wengi tulipopotea. Vile viputo vikubwa vinavyopanda kutoka chini ya sufuria si hewa, ni maji yenyewe yaliyogeuka mvuke humo humo ndani. (Vile vidogo vya mwanzo, vinavyoshika ukuta wa sufuria maji yakiwa vuguvugu, hivyo ndivyo hewa.) Kiputo cha mvuke hakiwezi kukua mpaka kipate nguvu ya kuisukuma hewa iliyoyalalia maji kwa juu. Hewa ina uzito. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Ukitoka ziwani ukapanda Kericho, ukapita Mau Summit ukateremka Nakuru, umeacha chini yako tabaka la hewa la mita 700 na ushei, na tabaka hilo halikandamizi tena sufuria yako. Viputo vinapata nafasi mapema. Mombasa maji yanachemka kwenye digrii 100, Kisumu 96, Nakuru 94 hivi. Timboroa, mji ulio zaidi ya mita 2,700, ni kama 91.

Nilipohamia huku nikiwa na mke wangu, mama alikuja kututembelea kutoka Ahero, karibu na Kisumu. Siku ya pili akashika jiko mwenyewe. Maharagwe alikuja nayo, ya aina iitwayo nyayo, ya shambani kwake, ya msimu ule ule. Akayaweka alivyozoea, na baada ya saa 1 na nusu akachukua moja, akalibonyeza kati ya kidole gumba na cha shahada. Ngozi ilichunika vizuri, lakini ndani palikuwa na kiini kigumu cheupe kama chaki. Akamtazama mke wangu, akasema, "Mwanangu, moto wenu huu ni wa aina gani?" Mke wangu alinyamaza, lakini nilijua ameumia, kwa sababu maneno hayo yalikuwa kama kumwambia hajui kupika.

Jioni nilirudi na themomita ya maabara. Nikaichovya katikati ya maji yanayotokota, isiguse chini. Uzi wa zebaki ukapanda, ukasimama kwenye 94. Nikamwambia mama aongeze makaa. Aliongeza mpaka maji yakawa yanarukia nje. Tuliinama wote watatu juu ya mvuke: 94. Akapunguza hadi viputo vikawa vinapanda kimoja kimoja: 94. Mama alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na kwetu?" Nikamweleza 96 na kitu. Akageuka akamwambia mke wangu, "Basi nilikukosea." Maharagwe yaliachwa nusu saa zaidi, yakaiva.

Digrii mbili zinaonekana ni kitu kidogo. Lakini kuiva ni mabadiliko ndani ya punje, gundi inayoshikanisha chembe zake ikiyeyuka na wanga ukinyonya maji, na mabadiliko hayo huenda polepole kadiri joto linavyoshuka. Kwa chapati tofauti hii huioni, maana kikaango hakina maji ya kuchemka na kinapata moto kwelikweli. Kwa kitu kinachochemshwa saa nzima, utaiona.

Kuhusu baridi: baridi hufanya maji yachelewe kuanza kuchemka, basi. Nimepima Januari jua likiwaka, nimepima Julai, tofauti haifiki hata kistari kimoja cha themomita yangu. Kinachohesabika ni mwinuko. Muuza gesi wako naye kwa hili hana kosa, kwa kuwa maji yanayochemka yangebaki 94 hata ungepikia kuni. Chumvi nayo, ili ipandishe joto la kuchemka kwa digrii 1 tu, lita moja inataka kama gramu 57, yaani vijiko vikubwa vitatu. Hakuna atakayekula chakula hicho.

Wengine huweka jiwe juu ya kifuniko. Wazo lenyewe ni sahihi, ila jiwe ni dogo mno. Kwa sufuria ya upana wa sentimita 25, ili upate joto la Kisumu ukiwa Nakuru, ungehitaji uzito wa karibu kilo 37 juu ya kifuniko, robo tatu ya mfuko wa saruji, na kifuniko kisivujishe kabisa. Hiyo ndiyo kazi ya sufuria ya presha. Inafungwa kwa mpira, mvuke unabanwa ndani, maji yanafika digrii 115 hivi hata huku kwetu. Ukiweza kuinunua, inunue. Gesi utakayookoa itairudisha bei yake.

Kama huwezi kwa sasa, roweka usiku kucha, umwage maji yale. Chemsha, funika, na viputo vikianza punguza moto uwe wa kutosha tu visikatike. Au tumia kikapu kilichojazwa matambara ya kuhifadhi joto: chemsha sawasawa nusu saa kwanza, usiruke hatua hii, hasa kwa maharagwe mekundu, kwa sababu mabichi yana sumu inayotaka mchemko kamili. Kisha ingiza sufuria kikapuni na kifuniko chake, ukaifunike vizuri na kuiacha saa kadhaa. Magadi kidogo yanasaidia kulainisha, ingawa yanaharibu sehemu ya vitamini, kwa hivyo mimi hutia chembe tu.

Lakini dada, nina neno moja kuhusu hizo saa 3. Mwinuko ungekuongezea nusu saa, labda kidogo zaidi. Saa nzima na nusu ya ziada hauielezi. Nashuku maharagwe yako ni ya zamani, yaliyokaa ghalani kwenye joto na unyevu, maana hayo hukakamaa kiasi kwamba hata Mombasa yangekusumbua. Ni rahisi kujua. Nunua robo kilo kwa mchuuzi mwingine, wa aina ile ile, anayekuambia ni ya msimu huu. Funga kiganja kimoja cha hayo mapya kwenye kitambaa chepesi, kiganja cha yako kwenye kitambaa kingine, uvitie vyote viwili katika sufuria moja, maji mamoja, moto mmoja. Baada ya saa 2 fungua, ubonyeze punje moja moja kutoka kila kitambaa, kisha utuambie umeona nini.