Mtazamaji Atasimama Wapi? Kwa Wanaoanza Kuchora na Kuchonga

Wengi mnaoingia kwenye kazi hii huja na wazo, kisha mnauliza mlichore au mlichonge, kana kwamba ni suala la mkono upi mwepesi. Jiulizeni kwanza mtazamaji atasimama wapi. Kwenye ubao wa kuchorea mmeshamchagulia mahali. Kwenye gogo anajichagulia mwenyewe, tena anahamahama.

Chukueni picha za Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, kwenye hadibodi, kwa rangi za kung'aa kama zile za kupakia baiskeli. Mnyama anajaza ubao, na mti ulio kando yake unaweza kuwa mdogo kuliko yeye. Hakuna anayelalamika, maana kwenye picha ukubwa hutuambia nani mwenye hadithi. Kivuli hakuna, mara nyingine hata ardhi haipo. Waliomfuata baada ya kifo chake mwaka 1972 walijaza ubao vijiji vizima: sokoni huku, kwa mganga kule, watoto wanakimbia katikati. Kisa chenye mambo mengi ya wakati mmoja kinataka burashi.

Sasa nendeni Mwenge, kwenye soko la wachongaji Dar es Salaam, mkatafute kinyago cha ujamaa cha Wamakonde, kile cha watu wengi waliochongwa pamoja. Gogo la mpingo kwa kawaida ni jembamba, kwa hiyo watu wanapandiana kwenda juu, mmoja amekanyaga bega la mwenzake. Ukisimama mbele unaona baadhi yao tu. Ukizunguka, kumbe yupo mama amebeba mtoto, yupo mzee amebanwa kiunoni. Hakuna safu ya mbele, kwa hiyo hakuna aliyewekwa nyuma. Na kwa kuwa wote wametoka kwenye mti mmoja, kuwatenganisha ni kuwavunja. Nimeona ujamaa ukichorwa, na wachoraji wazuri tu, lakini kwa maoni yangu wazo hilo limekaa vizuri zaidi kwenye mti. Mchoraji hulieleza, mchongaji amelifanya.

Kwa hiyo msianze kinyago kwa kuchora uso wa mbele peke yake. Wekeni alama za chaki pande zote, na mgeuze gogo mara kwa mara kabla tezo halijala sana. Rangi hupakwa juu ya rangi. Mti ukishaondoka umeondoka. Pia mpingo uliong'arishwa ni mweusi mno: mkato wa juujuu hupotea, na sura husomeka kwa mng'ao tu. Uwazi wa ubaoni, yaani sehemu tupu kati ya maumbo, unauacha bila kuugusa. Wa kwenye mti lazima uuchimbe, na huo ndio unaochosha mikono.

Anayetaka kuona njia zote mbili kwa mtu mmoja amtazame msanii wa Tanzania George Lilanga, aliyeanza na uchongaji akaingia kwenye rangi. Kwenye picha, mashetani wake, viumbe wa kuwaziwa, wanaingiliana bila sakafu, miguu popote. Wakichongwa, miguu hiyohiyo inabidi ibebe mwili.

Kuhusu kuuza mtandaoni: picha moja ya kamera hukifanya kinyago kiwe bapa kama ubao. Mteja huagiza alichokiona, kisha akipokea anashangaa mgongo. Pigeni video fupi mkikizungusha, taa ikiwa upande mmoja.