Kava likipasuka, anzia kwenye masikio

Mdogo wangu unayeanza kushika spana, pikipiki ikilala chini mteja atakuonyesha ufa. Mwache aonyeshe, kisha wewe geuza kava, ile plastiki inayofunika pikipiki, utazame masikio, yale matundu yanayopita boliti. Mara nyingi utakuta sikio lilichanika zamani: boliti ilikazwa kupita kiasi, mpira wake umepotea, na kava likawa linatetemeka na injini kutwa nzima hapa Tanga, kati ya Kange na Raskazoni. Kule kuanguka kumekuja kumalizia tu.

Hili nililijua kwa aibu. Nilipokuwa mgeni gereji, huku Ngamiani, mzee mmoja aliniletea kava la ubavu lenye ufa wa urefu wa kiganja. Nikamwaga supagluu, nikanyunyiza bekingi soda juu yake, ikafuka moshi na kuwa jiwe papo hapo. Nikajiona bingwa. Wiki haijesha mzee karudi, ufa uko palepale na umezaa mwingine pembeni. "Mwanangu," akaniuliza, "uligundisha hii au uliipaka mate?" Sikuwa na jibu ila shikamoo ya pili. Supagluu hukauka ikawa ngumu isiyopinda, na kava linapinda kila gurudumu linapoingia shimoni. Na lile sikio lililovunjika hata sikuligusa.

Kabla hujashughulika na plastiki, vua kava lote uone lilikuwa linaficha nini. Bana gurudumu la mbele kwa magoti utazame kama usukani umekaa nalo sawa. Zungusha usukani kulia na kushoto kabisa, usikie kama unakwama na uone kama kuna waya unaovutwa. Angalia mkono wa breki na foki, ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele. Pikipiki iliyolala huvujisha petroli kwenye kabureta, kwa hiyo kazi ya kuyeyusha plastiki kwa solda ifanyie mbali nayo, nje, penye upepo. Moshi wa plastiki si wa kuvuta.

Sasa ijue plastiki yenyewe. Nyuma ya kava huwa kuna herufi ndogo za aina yake, ABS au PP. Zikiwa zimefutika, kwangua kipande kidogo ukitumbukize kwenye maji yenye tone la sabuni, ili mapovu ya hewa yasikishike. PP huelea, ABS huzama. Tumia maji ya bomba. Ya bahari ni mazito kwa chumvi, ABS huzama humo kwa kusitasita na mwenye haraka husoma vibaya.

ABS ndiyo rahisi, kwa sababu asetoni, ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, inaiyeyusha. Makava yaliyokufa usitupe: yakate vipande vidogo kama punje za mahindi, tia kwenye chupa ya kioo pamoja na asetoni, funika, ziache zilale. Asubuhi utakuta uji mzito, na huo ndio gundi yako, maana ni plastiki ileile. Toboa tundu la milimita 3 pale ufa unapoishia, usije ukaendelea kutembea. Upande wa ndani chimba mfereji kufuata ufa, hadi nusu ya unene, safisha mafuta, jaza uji, lalisha wavu mwembamba wa chuma, kisha jaza tena. Wavu uwe wa chuma kisichoshika kutu au wa shaba. Wa chuma cha kawaida, kwa hewa yetu hii ya pwani, utafanya kutu na kuvimba ndani kwa ndani mpaka uinue kazi yako yote. Paka tabaka jembamba, likauke ndipo upake jingine. Juu pataonekana pagumu kumbe ndani bado ni uji, kwa hiyo liache siku nzima hata kama mteja amekaa benchini anakutazama.

Sikio lililokatika linajengwa hivyohivyo. Chukua boliti, izungushie nailoni, isimamishe mahali pake, ujenge uji na wavu kuizunguka. Ikikauka, ifungue kwa kuizungusha, tundu limepatikana.

PP haitaki asetoni wala supagluu. Hiyo huyeyushwa kwa solda na kujazwa PP nyingine. Usijaze kwa kipande cha dumu la mafuta ya kula, mengi yake ni plastiki ya aina nyingine: itashika kisha ibanduke, waja leo waondoka leo.

Rangi sina mengi. Msasa, praima (rangi ya chini ya kushikisha), halafu tabaka nyepesi nyepesi. Siku za masika subiri jua lipande, la sivyo unyevu utaifanya rangi iwe na ukungu mweupe.

Kuna makava nisiyoziba. Madigadi ya mbele iliyopasuka karibu na boliti zake nabadilisha, kwa kuwa ikiachia mwendoni inaweza kuingia kwenye gurudumu. Kava linaloshikilia taa nalo, masikio yote yakiwa yamekwenda, nunua jingine. Taa itakayotikisika itamulika miti. Dukani nenda na lile la zamani mkononi, ulinganishe tundu kwa tundu, maana hata jina la pikipiki likiwa moja matundu hutofautiana. La mtumba usihadaike na rangi inayong'aa. Geuza, tazama masikio.

Wakati wa kurudisha, mipira iliyopotea kata kutoka tyubu kuukuu ya baiskeli, Tanga hii haikosekani. Weka na wosha pana, kile kisahani chenye tundu kinachokaa chini ya kichwa cha boliti. Ingiza boliti zote kwa vidole kwanza, bila kukaza hata moja, ndipo uzikaze kidogo kidogo kwa zamu. Ya mwisho ikikataa kuingia usiilazimishe kwa bisibisi. Legeza zote uanze upya, kwani kava linalovutwa ili lifike tunduni limeshaanza kupasuka.