Spini ni ya sumaku, umeme unaigeuzaje?

SWALI: Nasoma fizikia mwaka wa tatu. Tunafundishwa kwamba spini ya elektroni (usumaku wake mdogo wa asili, unaoelekea juu au chini) husikia uga wa sumaku. Mbona kwenye nukta za kwanta za silikoni (vitego vidogo sana vinavyonasa elektroni moja moja) inageuzwa kwa volti za geti, yaani elektrodi zilizo juu yake? Na kwa nini ukizidisha nguvu ya mikrowevu ili igeuke upesi, vipimo vinavurugika?

JIBU: Mwalimu wako yuko sahihi. Umeme hauigusi spini. Volti ya geti inayoyumba kwa masafa ya mikrowevu inaitikisa elektroni tu. Kinachogeuza ni kipande cha kobalti, sumaku ndogo iliyolazwa juu ya mageti. Uga wake una mteremko mkali: sogea nanomita 1, umebadilika kwa takriban militesla 1. Elektroni ikiyumba huku na huku, kwake ni kama uga wa sumaku unapanda na kushuka. (Watafiti wa Delft, Uholanzi, walifanya hivyo mwaka 2007 bila kobalti, kwenye semikonda ya galiamu aseniki, ambako mwendo wa elektroni na spini yake vimefungamana ndani ya fuwele yenyewe.)

Piga hesabu. Spini hugeuka pale tu mikrowevu inapolingana na masafa yake. Kwenye silikoni uga wa tesla 1 huipa spini masafa ya gigahezi 28, hivyo uga mkuu, ule unaowekwa kutoka nje, wa tesla 0.5 unataka mikrowevu ya gigahezi 14. Mtikisiko wa nanomita 0.5 unazaa militesla 0.5. Nusu yake tu ndiyo inayozunguka pamoja na spini, kwa hiyo unapata mizunguko milioni 7 kwa sekunde: spini inapinduka kwa nanosekunde 70 hivi.

Usitegemee kuyapata masafa hayo kwa hesabu pekee. Kobalti huongeza uga wake, na militesla 10 tu za ziada ni megahezi 280 pembeni. Fagia masafa polepole kwanza, ndipo ubane.

Kuhusu nguvu: chipu inakaa kwenye baridi kali, karibu na sifuri halisi, na mikrowevu inaipasha joto. Joto linasogeza masafa ya spini katikati ya pigo lako, tena linavuruga usomaji, kwa sababu spini ya juu hutambuliwa kwa kutoroka nukta kwenda kwenye hodhi la elektroni (kundi la elektroni nyingi lililo kando ya nukta), na hodhi lenye joto halitenganishi tena juu na chini. Dawa moja: tanguliza pigo lililo nje ya masafa, chipu ifikie joto lake mapema, ndipo uanze kazi.

Mteremko nao una gharama. Chaji zinazorukaruka kwenye oksidi, tabaka la kuhami lililo chini ya mageti, huisukuma elektroni vilevile, na masafa yanayumba. Ndiyo maana kobalti huchongwa ili uga unaokingama na ule mkuu ubadilike kwa kasi, na ule unaofuata mwelekeo wake ubadilike kidogo iwezekanavyo.