Reti ya kwotabeki wa NFL inapima nini, na inapotosha wapi

Mkuu, umeuliza kama kwotabeki (mrushaji pasi mkuu wa timu ya futiboli ya Marekani) mwenye reti ya 104 lazima awe bora kuliko mwenye 97, na kwa nini kipimo chenyewe kinaishia 158.3 badala ya 100. La kwanza jibu ni hapana, na ukiifungua fomula utaona sababu mwenyewe.

Reti hii, yaani alama ya ubora wa pasi, NFL (ligi kuu ya futiboli ya Marekani) wameitumia tangu 1973. Ina vipande vinne. Gawa pasi zilizofika kwa zilizorushwa, toa 0.3, zidisha kwa 5. Gawa yadi kwa pasi zilizorushwa, toa 3, zidisha kwa 0.25. Gawa tachidauni (pasi zilizozaa bao) kwa pasi hizohizo, zidisha kwa 20. Mwisho, gawa pasi zilizonaswa na wapinzani kwa hizohizo zilizorushwa, zidisha kwa 25, kisha toa jibu hilo kwenye 2.375. Hakuna kipande kinachoruhusiwa kushuka chini ya 0 wala kuvuka 2.375. Jumlisha vyote, gawa kwa 6, zidisha kwa 100. Vipande vyote vikijaa jumla ni 9.5, na ukigawa ndipo inapotoka 158.3.

Mfano: Lamar Jackson wa Baltimore Ravens, 2019. Pasi 401, zilizofika 265, yadi 3,127, tachidauni 36, zilizonaswa 6. Vipande vinatoka 1.804, 1.200, 1.796 na 2.001. Reti 113.3.

Sasa gawa kila kizidishi kwa 0.25 ili vyote visomeke kwa yadi. Utakuta pasi ikifika tu inalipwa yadi 20 za bure juu ya zile ilizosogea, tachidauni inalipwa 80, na kunaswa kunakatwa 100. Ugonjwa wote uko kwenye hizo 20. Kwotabeki akimpa mwenzake pasi fupi ya pembeni, jamaa akaangushwa palepale bila kusogea hata yadi moja, timu imepoteza dauni (moja ya nafasi nne za kusogea yadi 10) lakini kila kwotabeki mwenye reti chini ya 85.4 reti yake imepanda.

Au tazama dauni ya tatu, zimebaki yadi 10. Pasi inafika, inasogea yadi 6, timu inabutua mpira na kuwaachia wapinzani. Kwa fomula hiyo ni 6 na 20, yaani 26, na yeyote aliye chini ya 110 anapanda. Zingekuwa zimebaki yadi 5, pasi ileile ingeendeleza shambulizi. Reti inazihesabu sawa kabisa, na mimi hapo ndipo ninapokataa kuitumia peke yake.

Kasoro ya pili ni kuangushwa na mpira mkononi. Hakuingii popote, kwa hiyo anayeng'ang'ania mpira hadi akaangushwa analinda reti yake kuliko anayeutupa nje, maana wa pili anahesabiwa pasi isiyofika. Mwaka huohuo wa 2019 aliyeongoza kwa reti ni Ryan Tannehill wa Tennessee Titans, 117.5. Alicheza vizuri kweli, silipingi hilo, ila aliangushwa mara 31 akiwa na pasi 286 tu. Jackson aliangushwa 23. Na zile yadi 1,206 alizokimbia Jackson kwa miguu hazimo ndani ya 113.3 hata moja. Wapiga kura wote 50 wa tuzo ya MVP (mchezaji bora wa msimu) walimchagua Jackson.

Kwa hesabu ya msimu mzima tumia yadi halisi kwa kila jaribio. Chukua yadi za pasi, ongeza 20 kwa kila tachidauni, toa 45 kwa kila iliyonaswa, toa yadi zilizopotea kwa kuangushwa. Gawa kwa pasi jumlisha mara alizoangushwa. Jackson: 3,127 + 720 − 270 − 106 = 3,471, gawa kwa 424, unapata 8.19. Kwenye ligi ya sasa wastani uko karibu 6. Mbio za miguu bado hazimo, ziangalie pembeni.

Ukiwa na data ya dauni moja moja, nenda kwenye pointi tarajiwa, yaani kila dauni imeongeza au kupunguza kiasi gani cha pointi ambazo timu inatarajiwa kupata. Hapo dauni, yadi zilizobaki na mahali mpira ulipo vyote vinahesabika, na ile pasi ya yadi 6 kwenye dauni ya tatu na 10 inatoka hasi, kama inavyostahili. QBR, reti ya kituo cha michezo cha ESPN, iliyoanza 2011 kwa kipimo cha 0 hadi 100, imejengwa juu ya wazo hilo na inaingiza mbio na kuangushwa, lakini huwezi kuipiga mwenyewe nyumbani ukaihakiki.

Msibishane kwa reti ya mechi moja, wakuu. Kipande cha kunaswa kinafika 0 kwenye asilimia 9.5, kwa hiyo aliyerusha pasi 20 zikanaswa 2 ameshagusa sakafu. Ikinaswa ya tatu, haikigusi tena kipande hicho.

Wala msilinganishe vizazi. Joe Namath, kwotabeki nyota wa miaka ya 1960 na 70, alimaliza na 65.5, na fomula ilipangwa hivi kwamba kwotabeki wa kawaida apate 66.7. Mwaka 1978 sheria zikawabana mabeki wasiwaguse wapokeaji wakishavuka yadi 5, pasi zikafunguka, na leo wastani wa ligi uko karibu 90.

Reti ya vyuo vikuu vya Marekani ni fomula nyingine kabisa: yadi mara 8.4, tachidauni mara 330, zilizofika mara 100, toa zilizonaswa mara 200, gawa kwa pasi. Huko kunaswa kunakatwa yadi 24 hivi tu, kwa hiyo kijana mwenye 160 ya chuo usimweke kwenye mizani moja na mtu wa NFL.